Makovu ya Mti wa Bunduki

Bunduki ya Mosin, iliyoingia katika jeshi la Urusi mwaka 1891, aghalabu husimuliwa kwa chuma chake. Walakini mti wake nao una habari. Wajerumani walipoivamia nchi ya Soviet mwezi Juni 1941, kiwanda cha Izhevsk kililazimika kutoa bunduki hizo kwa wingi na kwa haraka. Ulaini ukawa anasa. Mti, ambao Warusi huuita beryoza, ulitoka umejaa alama za mashine na tupa. Baada ya vita bunduki nyingi zilitengenezwa upya katika maghala ya serikali, zikapakwa vanishi ya shelaki juu ya makovu yale yale.

Siku hizi wako wazinunuao, wakaibandua vanishi hiyo na kuusugua mti kwa msasa hata ung'ae kama kiti cha sebuleni. Kazi hiyo hupendeza macho, bali hufuta mihuri ya kiwanda na ya ghala, isirudi tena. Mwenye kuipenda historia na apanguse vumbi, na penye mti mkavu apake mafuta ya kitani. Msasa auweke kando. Mparuzo ule ni hati ya mafundi wa vitani, wanawake na vijana wengi miongoni mwao, ambao aghalabu hawakuacha hati nyingine.