Habu ya USB: Umeme Kwanza, Matundu Baadaye

Habu ya USB ni kisanduku kinachochomekwa kwenye tundu moja la kompyuta na kutoa matundu manne, saba au zaidi. Huhitajika pale kompyuta moja ya nyumbani inapowatumikia wengi: mzazi anachapisha kazi za shule za mtoto, kijana anawajazia majirani fomu za serikali kwenye eCitizen kwa ada ndogo, mwingine anahifadhi picha za harusi. Kibodi, mausi, printa, skana, modemu na diski ya nje vyote vinagombea nafasi.

Kabla ya kwenda dukani, igeuze kompyuta uitazame mgongoni. Mashine nyingi za mezani zinazouzwa Kitale na Bungoma ni zile ziitwazo ex-UK, zilizokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo, na mara nyingi nyuma kuna matundu ambayo hayajaguswa tangu zinunuliwe. Kibodi na mausi vikae huko. Habu iachiwe vile vya kuchomeka na kuchomoa kila siku. Wengine wakishahesabu hugundua hawaihitaji kabisa, jambo ambalo muuzaji hana haraka ya kulisema.

Kinadharia, kidhibiti kimoja cha USB huweza kubeba vifaa 127. Umeme huisha zamani kabla idadi hiyo haijakaribiwa. Tundu la USB 2.0, kiwango cha mwaka 2000, hutoa miliampea 500 kwa volti 5. La USB 3.0, kiwango cha mwaka 2008, ambalo aghalabu lina plastiki ya buluu ndani, hutoa 900. Habu isiyo na adapta yake hugawanya kiasi hicho hicho kati ya vyote vilivyochomekwa. Kwa kanuni za USB 2.0, habu ya namna hiyo yenye matundu manne huahidi miliampea 100 tu kwa kila tundu. Mausi itaridhika. Diski ya nje ya inchi 2.5 hutaka nyingi zaidi inapoanza kuzunguka. Isipozipata hulia tik-tik, kisha hutoweka kwenye skrini na mwenyewe huanza kuilaumu diski. Skana za Canon za jamii ya LiDE nazo hunywa umeme wao wote kupitia USB. Printa ina waya wake wa ukutani, hivyo haisumbui.

Nyumba yenye diski au skana ya namna hiyo, basi, inunue habu yenye adapta, na isome maandishi ya adapta kabla ya bei. Volti 5 kwa ampea 2 ni wati 10 kwa matundu yote saba. Diski mbili na modemu huzimaliza. Ampea 4 zina nafasi ya kutosha. Upande wa kuingiza umeme pasomeke volti 100 hadi 240: ile ya 120 pekee, zawadi ya shangazi aliyeko Marekani, itaungua kwa volti 240 za Kenya. Plagi ya pini mbili itafutiwe kigeuzi. Kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili pini mbili ziingie ni desturi ya kitaifa, lakini ni desturi mbaya.

Stima ikipotea, adapta ya habu huzimika hata kama kompyuta ingali hai kwa betri ya UPS. Diski iliyokuwa ikiandikwa hukatika katikati, na faili huharibika. Adapta ya habu ichomekwe kwenye UPS hiyo hiyo. Printa ya leza ibaki nje, maana inapopasha moto huilemea. Aidha, bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na mvua za alasiri chini ya Mlima Elgon huja na ngurumo. Kuzima swichi hakutoshi; chomoa adapta ukutani.

Kasi ni suala dogo. Habu ya USB 3.0 haiiongezei kasi flashi ya USB 2.0, ina faida kwa diski za USB 3.0, kiwango chenye kikomo cha gigabiti 5 kwa sekunde, na huchomekwa kwenye tundu la buluu. Ila vifaa vya USB 3.0 huvujisha mawimbi karibu na gigahezi 2.4, yale yale ya mausi isiyo na waya. Mausi ikianza kurukaruka, hamisha kipokezi chake mbali na habu kabla ya kununua betri mpya.