Siku 81 na Zile Zingine

Februari 2024 Kenya nzima ilikuwa inamlilia Kelvin Kiptum, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 11. Siku nne baadaye Henry Rono naye akaaga, akiwa na miaka 72, na habari yake ikapita kama matatu iliyojaa. Uliiona, ikaenda.

Mimi nilikuwa kwenye godoro sakafuni kwa binamu yangu, Kayole. Nilikuwa nimeacha chuo mara ya pili na mama hakuwa anajua. Nilisoma habari za Rono kwa simu mpaka bando ikaisha.

Kabla ya hapo nilimjua kama wengi wanavyomjua, kwa nambari. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, huyu kijana wa Nandi alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Tarehe 8 Aprili mita 5,000, huko Berkeley. Mei, Seattle, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Juni, Vienna, mita 10,000. Tarehe 27 Juni, Oslo, mita 3,000. Ile ya viunzi ilikaa mpaka 1989. Na hakuwahi kukimbia Olimpiki hata siku moja, kwa sababu Kenya iligoma 1976 Montreal, ikagoma tena 1980 Moscow. Hayo hayakuwa makosa yake, na mtu angetaka kisingizio cha maisha yote, bana, hicho kingetosha.

Kilichonikalia kichwani si 1978 lakini. Ni 1981.

Wakati huo Rono alikuwa anakunywa sana. Septemba mwaka huo alikuwa Knarvik, mji mdogo wa Norwe. Usiku wa kuamkia mbio alilewa chakari. Asubuhi akatoka akakimbia peke yake ili pombe itoke na jasho. Jioni akaingia uwanjani, akavunja rekodi yake mwenyewe ya mita 5,000, dakika 13 na sekunde 6.20.

Watu husimulia hii hadithi wakicheka, ati angalia kipaji. Mimi nikiisoma tumbo linakaza. Kwa sababu mwaka wa pili chuoni niliweka shilingi 500 ya chakula kwenye mechi saba, zikaingia zote, nikapata elfu arobaini na kitu. Nililipia marafiki nyama choma. Nikamtumia mama elfu tano nikamwambia nimepata kibarua cha kuandika. Alifurahi mpaka akaniombea kwa simu. Muhula uliofuata karo yote aliyonitumia iliisha kwa wiki mbili. Nikaomba msamaha, nikarudi chuo, akakopa kwa chama chake, na hiyo pia nikaibeti.

Kama ningepoteza ile mara ya kwanza, pengine ningeacha. Sijui nani angemwambia Rono aache pombe siku ile ya Knarvik, na saa inaonyesha rekodi ya dunia.

Baada ya hapo pesa zikaisha. Akalala makao ya wasio na nyumba. Akaingia vituo vya kutibu ulevi, akatoka, akarudi kunywa, akaingia tena. Magazeti hupenda kuandika sehemu hii kwa mstari mmoja, alipotea kisha akajipata, kana kwamba ni kona moja tu. Ilikuwa miaka. Huko Albuquerque, New Mexico, mtu aliyekuwa na rekodi nne kwa wakati mmoja alibeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Baadaye akafundisha watoto mbio. Akiwa na miaka hamsini na kitu, mwili umenenepa, akaanza kukimbia tena, anafukuza rekodi za wazee. Akaandika kitabu cha maisha yake. Mwaka 2019 akarudi nyumbani Kenya. Hakuna hata moja kati ya hizo tarehe inayokumbukwa kama Berkeley au Oslo.

Nilimpigia mama Machi. Nilipomaliza kueleza alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza, "Sasa wewe unakula nini huko?"

Siku hizi ninaandika vipande vya tovuti, wanalipa kwa maneno. Nina daftari la deni la mama. Juu kabisa nimeandika 86,000. Aprili nilirudisha 2,000. Mei 2,000. Juni hakuna kitu, na si ati sikuwa na pesa. Nilikuwa nazo Jumamosi saa tisa, saa mbili usiku sikuwa nazo. Nilitaka kuchana ile karatasi nianze ukurasa safi. Sikuichana. Nikaandika Juni, sufuri. Chini yake nimeandika Julai, 1,500.