Akiba ya Nguvu

Mji wa Nairobi ulipewa jina na maji. Wamaasai walipaita mahali hapa kwa maneno ya kusifu maji yake baridi, na reli kutoka Mombasa ilipofika mwaka 1899, wajenzi walipiga kambi yao katika tambarare yenye kinamasi. Mji ukakua, kinamasi kikafunikwa kwa mawe na saruji. Lakini wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo, na kila masika huja kuidai njia yake ya zamani.

Itazame mitaa miwili iliyo upande wa magharibi wa mji. Kibera ilianzwa mwanzoni mwa karne ya 20 na askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, nao waliiita kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitangaza ardhi hiyo kuwa ya jeshi, wala wenyeji wake hawakupewa hati. Mwaka 1953 Bwawa la Nairobi lilijengwa upande wake wa chini, likapokea maji ya mto Motoine. Kawangware ina habari nyingine. Ilikuwa sehemu ya Dagoretti, nchi ya mashamba ya Wakikuyu, ikaingizwa katika mipaka ya mji mwaka 1963. Huko viwanja vilikuwa na wenyewe, nao wakajenga vyumba vya kupangisha. Tofauti hiyo si ndogo: mwenye kiwanja aweza kuchimba shimo na mtaro apendapo, lakini mpangaji asiye na hati wala mkataba hana ruhusa ya kuichimba hata sakafu anayolalia.

Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyaonyesha hayo yote waziwazi. Kati ya Machi na Mei mito ya Nairobi ilifurika, na katika nchi nzima watu zaidi ya 200 walipoteza maisha. Hapana pampu ya nyumbani iwezayo kushindana na mto uliovunja kingo zake. Lakini kuna maji mengine yanayoingia polepole, yakipenya ardhini na kupanda sakafuni usiku kucha. Maji hayo yaweza kuzuiwa. Huchimbwa shimo dogo katika pembe ya chini ya nyumba, yakakusanyika humo, kisha pampu ikayasukuma hadi mtaroni. Yapandapo, boya hunyanyuka na kuwasha mota; yashukapo, huizima.

Kutoa maji kwa mashine si jambo jipya. Mwaka 1712 Mwingereza Thomas Newcomen aliunda mashine ya mvuke iliyotoa maji katika mgodi wa makaa ya mawe. Angalia siri ya kufaulu kwake: makaa yaliyoiendesha yalichimbwa papo hapo mgodini. Mashine haikungojea nguvu kutoka mbali.

Pampu ya umeme haina bahati hiyo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, na nchi nzima ya Kenya ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia tena, na sehemu nyingi zikakesha bila taa. Tena dhoruba ndiyo iangushayo miti juu ya nyaya. Basi mvua ijazayo shimo ndiyo hiyo hiyo iizimayo pampu. Kwa sababu hiyo hapana budi kuweka akiba ya nguvu karibu na shimo, kama Newcomen alivyokuwa na makaa yake.

Akiba hiyo ni betri. Mwitalia Alessandro Volta alitangaza betri ya kwanza mwaka 1800, lakini ilipokwisha haikufaa tena. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté akaunda betri ya risasi na asidi, ambayo huweza kuchajiwa tena na tena. Betri za lithiamu zilikuja baadaye sana, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake.

Sasa utachaguaje? Kwanza, usidanganywe na betri ya gari. Bamba zake ni nyembamba. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, si kufanya kazi usiku kucha. Tafuta ile yenye bamba nene, iliyoundwa kutumika kwa muda mrefu.

Pili, piga hesabu. Betri ya volti 12 iliyoandikwa 100 Ah ina nguvu ya kuendesha kifaa cha wati 1,200 kwa saa moja. Lakini betri ya risasi huharibika upesi ikimalizwa kabisa, basi hesabu nusu yake tu, yaani 600. Inveta nayo hula sehemu yake, zikabaki kama 500. Pampu ya wati 250 itafanya kazi kwa saa 2 mfululizo. Lakini ikiwaka dakika 10 tu katika kila saa, akiba hiyo yatosha saa 12. Kumbuka pia kwamba mota inapoanza huvuta nguvu mara kadhaa kuliko kawaida yake, na inveta iwe na uwezo wa kuibeba. Betri ya lithiamu huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya akiba yake na hudumu miaka mingi zaidi, ila bei yake ni kubwa.

Tatu, fikiri juu ya mahali pa kuiweka. Iwe juu, maji yasiifikie. Betri ya asidi iliyo wazi hutoa gesi iwezayo kulipuka inapochajiwa, basi isikae katika chumba kisicho na hewa wala karibu na jiko. Nayo ikichakaa isivunjwe ovyo. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia.

Twaambiwa akiba haiozi. Methali hii ni ya kweli kwa mambo mengi, lakini si kwa betri. Betri iliyosahauliwa pembeni hupoteza nguvu kidogo kidogo, na bamba zake za risasi huota ukoko mweupe usiotoka. Siku ya haja, utaikuta imekufa. Kwa hiyo mwaga ndoo ya maji shimoni kila mwezi, zima umeme wa nyumba, na usikilize kama pampu itaamka.

Mwisho, tazama maji unayoyatoa yaendako. Yakimwagika mlangoni kwa jirani aliye chini yako, hujaondoa mafuriko, umeyahamisha tu. Pampu ni ya nyumba moja, lakini mtaro ni wa mtaa mzima.