Historia ya Utambuzi wa Lava wa Mzia na Utata wa Istilahi za Kiswahili za Uvuvi

Mzia aliingia katika sayansi akiwa samaki mzima. Linnaeus alipomwita mzia wa Mediterania Esox sphyraena mwaka 1758, vigezo vya wakati huo vilikuwa meno, magamba na mapezi. Lava aliyeanguliwa karibuni ana urefu wa milimita chache tu, hana magamba, na mapezi yake hayajakamilika.

Pengo hilo liliwahi kuzaa spishi ya uongo. Mwaka 1856 Kaup alimtaja Leptocephalus brevirostris kuwa samaki wa peke yake. Katika miaka ya 1890 Grassi na Calandruccio, huko Italia, wakathibitisha kuwa ni lava wa mkunga wa Ulaya.

Kwa mzia, watafiti walitegemea kwanza mfuatano wa vielelezo: kuanza na mchanga anayetambulika bila shaka, kisha kurudi nyuma kwa wadogo zaidi, wakishika sifa zinazodumu, kama vile pingili 24 za uti wa mgongo na taya la chini lililochomoza. Kazi ya de Sylva ya 1963 kuhusu Sphyraena barracuda ni nguzo katika historia hiyo. Hata hivyo, pingili hizo haziwezi kutenga spishi moja ya mzia na nyingine. Houde alipitia njia ya uhakika zaidi: mwaka 1972 alichapisha makuzi ya Sphyraena borealis aliyelelewa maabara. Tangu 2003, msimbo wa vinasaba umeongeza njia nyingine.

Kiswahili kina mzia, kina na tengesi. Kwa hatua za awali, hata hivyo, hutumika buu, kiluwiluwi, lava, vifaranga na samaki wachanga bila mipaka. Buu humpeleka msomaji kwa nzi, kiluwiluwi kwa mbu na chura. Vifaranga limeshazoeleka mabwawani kwa wafugaji. Lenye madhara zaidi, kisera, ni samaki wachanga, kwa kuwa linamfunika lava anayeelea baharini pamoja na mzia mdogo wa mikokoni. Kanuni ya ukubwa wa macho ya nyavu humwokoa huyu wa pili. Lava hupita katika nyavu nyingi za wavuvi. Kinga yake iko katika mazalia na majira ya kuzaa. Mpaka unaofaa kuwekwa katika kamusi za uvuvi ni ule wanaoutumia wanabiolojia: lava hadi mapezi yote yakamilike, samaki mchanga kuanzia hapo.