Bibi wa Sungura: Habari za Beatrix Potter

Wasikilizaji, sisi tuliolelewa kwa hadithi za jioni twamjua sungura kuwa ni mnyama mwerevu, amshindaye simba kwa hila. Leo nawaletea habari za sungura wa Kiingereza asiye na werevu wowote. Ni mtoto mtundu tu asiyemsikia mama yake. Aliyemtunga ni Beatrix Potter, aliyezaliwa London mwaka wa 1866.

Wazee wake walikuwa matajiri, na mali yao ilitokana na biashara ya pamba. Binti hakupelekwa shuleni. Alifundishwa nyumbani na walimu wa kike, na wenzi wake walikuwa nduguye mdogo Bertram na wanyama waliowafuga, sungura, panya na popo. Alikuwa akikaa kuwatazama na kuwachora. Alipokuwa mtu mzima alichunguza uyoga na jinsi unavyoota, hata mwaka wa 1897 maandishi yake yakapelekwa mbele ya Linnean Society, chama cha wataalamu wa viumbe. Mwenyewe hakuwapo, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria.

Lakini jambo lililompatia sifa lilikuwa limekwisha anza miaka minne nyuma. Tarehe 4 Septemba 1893 alikuwa Uskoti, naye alimkumbuka mtoto mmoja aitwaye Noel, mwana wa mwalimu wake wa zamani, aliyekuwa mgonjwa. Akamwandikia barua yenye picha, akimsimulia habari za sungura Peter aliyeingia katika shamba la mboga la Bwana McGregor, ingawa mama yake alikuwa amemkataza. Na katika kitabu kilichotokana na barua hiyo, katazo hilo halikuwa la mchezo: baba yake Peter aliingia shamba lile lile, akapikwa. Watu wazima wengine wangeogopa kumwambia mtoto neno kama hilo. Yeye alilisema waziwazi, na nadhani ndiyo sababu watoto walimwamini.

Miaka ilipita, akaiazima barua ile kwa Noel ili aifanye kitabu. Wachapishaji kadhaa walikikataa. Yeye alitaka kitabu kidogo, cha kutosha mkono wa mtoto, na cha bei nafuu ya shilingi moja. Basi mwaka wa 1901 akapiga chapa nakala 250 kwa fedha zake mwenyewe. Ndipo kampuni ya Frederick Warne ilipokubali, kwa sharti picha zitiwe rangi, na kitabu kikatoka Oktoba 1902. Kabla ya mwaka kwisha kilikuwa kimepigwa chapa tena.

Mwaka wa 1905 Norman Warne, aliyeshughulikia vitabu vyake katika kampuni hiyo, alimposa. Wazee wakakataa, wakisema mfanya biashara hafai. Nao walikuwa wakila faida ya pamba! Beatrix, mwenye umri wa miaka 39, aliivaa pete. Muda mrefu haukupita, Norman akaugua akafa.

Mwaka ule ule, kwa fedha za vitabu, alinunua shamba la Hill Top katika kijiji cha Near Sawrey, kaskazini ya Uingereza. Mwaka wa 1913 aliolewa na mwanasheria William Heelis, akawa mfugaji hodari wa kondoo wa Herdwick. Alipofariki Desemba 1943 aliacha zaidi ya ekari 4,000 kwa National Trust, akaagiza kondoo wale waendelee kufugwa katika mashamba ya milimani.