Ugumu wa milango ya fahamu ukubwani (Riyadh na Jeddah)

Ugumu wa milango ya fahamu ni hali ambapo ubongo haupangi vizuri habari zinazoletwa na macho, masikio, pua, ulimi, ngozi na hisi ya mwendo. Mwenye nayo husikia taa ikivuma pale wenzake wasiposikia kitu, au hasikii njaa mpaka aishiwe nguvu. Nadharia yake iliasisiwa na Mmarekani A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1972. Yeye alishughulika na watoto, na mpaka leo mtu mzima ndiye anayesahauliwa. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa 2013 hauihesabu kuwa ugonjwa wa peke yake, bali unaitaja miongoni mwa dalili za usonji.

Nchini Saudi Arabia, Riyadh humtesa mtu mzima wa namna hii kwa ukavu, vumbi na mwanga mkali wa jua; ukiingia ndani, kiyoyozi kinanguruma. Jeddah shida ni unyevu wa Bahari ya Sham: kanzu au buibui hugandamana na mwili, na lebo ya shingoni hugeuka msumari.

Shida kubwa zaidi ni ukarimu. Chetezo kinapopitishwa barazani na moshi wa udi, kukikataa ni kumvunjia heshima mwenyeji. Mwenye pua nyepesi hukaa karibu na mlango, akijifukiza upesi mkono mmoja, akashukuru, akampa anayefuata.

Kelele nazo zina mjadala wake. Mei 2021, Wizara ya Mambo ya Kiislamu ya Saudi Arabia iliagiza vipaza sauti vya nje vya misikiti vitumike kwa adhana na iqama tu, sauti isizidi theluthi moja ya uwezo wake. Sababu mojawapo ilikuwa malalamiko ya wazazi waliokatiziwa watoto usingizi. Waliopinga walijibu mtandaoni: basi na muziki wa mikahawa uzimwe. Kwa mtu tunayemzungumzia, pande zote mbili zilisema kweli, ingawa hakuna aliyekuwa akimfikiria yeye.

Madukani watu hufurika baada ya isha, joto likipungua. Mwenye hali hii huenda asubuhi, korido zikiwa tupu. Hapo hubaki kupambana na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu.