Memori Kadi: Nani Alikula Faida, Mwenye Kiwanda au Kijana wa Tandika?

Kabla bando halijawa kitu cha kila mtu, muziki wa uswahilini ulikaa kwenye kitu kidogo kama ukucha. Kama umekulia Tandika, Mbagala, Mwananyamala au Tandale, kile kibanda unakikumbuka: kompyuta moja ya mezani, spika zinazosikika mpaka mtaa wa pili, na bango la mkono, TUNAINGIZA NYIMBO KWENYE SIMU, FLASHI NA MEMORI KADI.

Ila mchezo wenyewe ulianzia mbali. Mwaka 1988 huko California, Marekani, ilianzishwa kampuni ambayo leo tunaiita SanDisk, na mwaka 1995 ikaanza kuuza hisa zake kwa umma. Mwaka 1996 ikatoka Pilot ya kampuni ya Palm, kompyuta ya kutia mfukoni. Wenye macho wakaona mapema: kila kifaa kidogo kitahitaji pa kuhifadhia vitu. Mwaka 1999 SanDisk, Panasonic na Toshiba wakatangaza kadi ya SD, na 2005 ikafuata microSD, ile ya kwenye simu. Mwaka 2016 Western Digital wakainunua SanDisk kwa zaidi ya dola bilioni 15. Waliokuwa na hisa wakacheka.

Sasa kijana wa Temeke angeingilia mlango gani? Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo mwaka 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, watu wa gesi. Hisa za memori kadi hazikuwepo. Basi akawekeza kivyake: kompyuta iliyotumika, kadi rida, na kadi za kuuza kutoka Kariakoo.

Kwenye kadi tupu faida ilikuwa kiduchu, maana bei zilishuka kila kukicha. Na ukipigwa na kadi feki, imeandikwa GB kibao lakini nyimbo zinagoma, mteja anarudi na shari. Hela ilikuwa kwenye kuijaza. Ngoma mpya ikitoka, mteja huyo karudi.

Ila kuna mtu hakuwa kwenye hesabu: msanii. Sheria ya hakimiliki ilikuwepo tangu 1999, na COSOTA ipo. Mwaka 2013 serikali ikaleta stempu za kodi kwa kazi za muziki na filamu. Sawa, kwenye kava la sidii stempu inakaa. Kwenye kadi saizi ya ukucha, yenye nyimbo mia za wasanii hamsini, unaibandika wapi?

Leo ngoma zinakuja kwa bando, na vibanda vingi vimegeukia uwakala wa pesa za simu na ufundi. Aliyeweka hela kwenye kiwanda alilipwa. Aliyeweka hela kwenye kompyuta Tandika alilipa kodi ya chumba na ada za wadogo zake. Aliyeweka sauti yake ndiye aliyebaki kusubiri shoo.